Shingo ya Gitaa la Marehemu Marwa

Haya, mmeshinda. Tangu nirudi Mwanza mmenihoji kila mahali, dukani, kanisani, hadi kwenye kundi letu la simu: fundi, ulikwenda Tarime una tumbo, umerudi huna, kulikoni? Nimewajibu kwamba safari ilikuwa salama, na mmekataa kuniamini. Sasa nawaandikia wote mara moja, mkisoma mniache nifanye kazi. Habari za tiketi na za kumbembeleza mke wangu nimeziruka.

Lakini lazima nianze na kosa langu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilitetemeka njia nzima. Miaka kumi na moja iliyopita Mzee Marwa wa Gorong'a aliniletea gitaa lake la umeme, la Kijapani, la miaka ya sitini. Yale yenye swichi nyingi kama redio ya mkulima. Shingo yake ilikuwa imepinda kidogo. Mimi, kwa kiburi cha ufundi, nikajifanya nainyoosha kwa moto wa pasi. Gundi ikaachia, mbao ikajikunja, shingo ikafa mkononi mwangu. Nikaogopa kumwambia. Nikachukua shingo ya gitaa lingine, la juzi juzi, la bei rahisi, nikahamishia vikazio vya nyuzi na kile kibati chenye jina la kiwanda, nikapaka rangi ya chai ili ionekane nzee. Ya zamani nikaichoma moto. Mzee akaja, nikamwambia, "Ni ileile, nimeinyoosha tu." Akanishukuru na kunilipa.

Mwezi uliopita simu ikaita. "Fundi, shikamoo. Mimi Chacha, mtoto wa marehemu Mzee Marwa mpiga gitaa."

Chacha alinieleza shida yake. Alikuwa ameoa binti wa kijiji cha Nyambureti, Robi, wamepata na mtoto, lakini mahari haikwisha. Baba wa binti akachoka kungoja, akamrudisha nyumbani Robi na kichanga chake. Ng'ombe sita walikuwa bado, na Chacha hana hata mmoja. Ila yule baba mkwe, Mzee Nyamhanga, naye alipiga gitaa ujanani, na mpwa wake wa Migori alimwambia kwamba magitaa ya Kijapani ya zamani sasa yanatafutwa na watu wenye hela. Basi mzee akasema: gitaa la marehemu likiwa lenyewe, atalipokea badala ya wale sita. Lisipokuwa lenyewe, kuna mwanamume mwingine mwenye ng'ombe tayari amekwisha kuulizia. Ila athibitishe fundi.

"Fundi wa baba ni wewe," Chacha akasema. "Usipokuja, nitakuja kukuchukua."

Nikasema nakuja.

Mwanza hadi Tarime

Nilipanga kudanganya. Nasema wazi ili msije mkaniona mtu mwema huko mbele. Nilikaa kwenye basi najifundisha maneno: "Ni halisi, wazee wangu, halina shaka."

Kabla ya Bunda tairi likapasuka. Tulikaa kando ya barabara saa mbili nzima juani. Jirani yangu alikuwa mama mfanyabiashara wa Sirari mpakani, mcheshi, anachanganya Kiswahili cha Kenya. Nilifungua mfuko wangu wa kazi kutafuta leso, akaona kile kioo changu kidogo chenye mpini na tochi yake, ambavyo natumia kuchungulia ndani ya gitaa.

"Kumbe wewe ni daktari wa meno! Na unanyamaza tu?" Akafungua mdomo wote. "Hebu niangalie hili la nyuma, linanisumbua hata kulala silali."

Nikamweleza kwamba mimi ni fundi magitaa. Hakuniamini. Nikaona bora nichungulie tu. Nikamwambia lina tundu, aende hospitali. Akafurahi, akanigawia muhogo wa kuchemsha na dagaa wa kukaanga, akawatangazia abiria wote kuwa daktari ni mtu wa watu. Wengine wawili wakaja na midomo wazi. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu ile simu, halafu nikakumbuka ninakokwenda, nikaufunga muhogo uliobaki kwenye leso.

Tarime hadi Gorong'a

Chacha alinipokea stendi. Nilitegemea mtu wa kutisha. Mnajua utani tunaowatania Wakurya huku mjini, mapanga na nini. Nikakuta kijana mrefu, mpole, ana shati lililopigwa pasi, akanipokea mfuko kwa mikono miwili. Nikazidi kuogopa. Mtu mkali ungejua pa kumkwepea.

"Fundi, pole na safari. Nilisema nitakuja kukuchukua mpaka Mwanza, ukakataa. Kwa umri wako basi linachosha."

Kumbe ndiyo maana yake! Nilikuwa nimelala na yale maneno wiki nzima nikidhani ni vitisho.

Alinipakia kwenye pikipiki. Barabara ya Gorong'a ilikuwa imenyeshewa, tulianguka mara moja kwenye tope na mara mbili tulisimama kupisha ng'ombe. Nyumbani kwao mama yake alikuwa ametandaza mkeka na kuchinja kuku. Mama mtu mzima, mwembamba. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishika mkono hataki kuuachia.

"Huyu ndiye fundi wa mume wangu," akawaambia majirani. "Marwa alikuwa anakusema sana. Alisema Mwanza kuna mtu mmoja tu mwaminifu."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke. Kuku yule sikumjua ladha, nilimeza tu ili wasione.

Wakalitoa gitaa. Lilikuwa limefungwa kwenye shuka la kitenge ndani ya sanduku lake. Nikalifungua, na hapo nawaambia ukweli wa kazi yetu: mwili ulikuwa wenyewe kabisa. Rangi nyekundu iliyofifia kwenda kahawia, lakini chini ya vitufe vya sauti, mahali jua halifiki, bado inang'aa. Huwezi kuigiza hilo. Nyufa nyembamba za vanishi zinazofuata mkondo wa mbao. Pikapu nne, zile sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi, na vifuniko vyake vya asili. Nikafungua bamba la nyaya, nikamulika: solda inayoshika nyaya ni ya kijivu, imekufa mng'aro, haijaguswa na mkono wa mtu tangu kiwandani. Hata harufu ilikuwepo, ile ya kabati la zamani. Nikapanda na macho hadi kwenye shingo, nikaiona kazi ya mikono yangu, na ile rangi yangu ya chai.

"Ni lenyewe?" Mama akauliza.

"Tutaona kulekule, mama," nikajibu. Usiku huo sikulala.

Gorong'a hadi Nyakunguru

Chacha anaishi Nyakunguru, anachimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Tulipita kwake achukue suti. Mvua ikatukamata, tukakaa kwenye kibanda cha mama lishe kwa saa tatu. Tuliagiza ugali wa mtama na kichuri, ile nyama chungu ya huko inayotiwa maji ya tumboni mwa mbuzi. Wateja wengine walikuwa wanajilamba vidole. Mimi machozi yalinitoka, mama lishe akasema, "Mgeni anaipenda mpaka analia," akaniongezea.

Habari zikaenea kwamba kuna gitaa la ng'ombe sita. Wachimbaji wakajaa, vumbi la mawe hadi kwenye kope. Wakataka kujua mtu anatambuaje. Na mimi, mnanijua, nikianza habari za magitaa sinyamazi. Nikawaambia wasiamini namba iliyoandikwa kwenye lile bamba la nyuma, linaloshika shingo na mwili. Wauzaji wengi hukuonyesha namba hiyo kama cheti cha kuzaliwa. Bamba lina skrubu nne tu, dakika tano limehamia kwenye gitaa lingine. Viwanda vingine enzi hizo viligonga namba bila mpangilio, vingine havikugonga kabisa. Angalia vitu ambavyo mdanganyifu anaona uvivu kuvifanya: vichwa vya skrubu kama vimechubuliwa na bisibisi, matundu ya zamani yaliyozibwa, mahali shingo inapoingia kwenye mwili, kama imekaa kama jino kwenye fizi au inacheza. Na kitu kimoja kikibadilishwa, hasa shingo, thamani inashuka karibu nusu, hata kama lililobaki lote ni zima.

Nilikuwa najishtaki mwenyewe, na sikuwa na breki.

Dalali mmoja wa dhahabu, mzee mwenye mizani yake mfukoni, alikuwa ananisikiliza kwa makini. Akatikisa kichwa.

"Kumbe ni kama dhahabu tu. Na yule anayepima akidanganya, mnamfanyaje huko Mwanza?"

"Tunaacha kumpelekea kazi," nikasema.

Wakacheka wote kibanda kizima. "Hapa haondoki," akasema, akaendelea kula. Alitania, najua alitania. Lakini niliomba kuonyeshwa choo, nikakaa humo muda mrefu, nikifikiria kama kuna gari la kurudi Tarime. Mvua ikakatika, nikasikia Chacha ananiita kwa adabu.

Nyakunguru hadi Nyambureti

Tulivuka daraja la Mto Mara, maji mengi, mekundu. Ng'ambo ni wilaya ya Serengeti, nchi inafunguka, mashamba ya mtama na mihogo. Nilikuwa nyuma, gitaa nimelibeba mgongoni, na sanduku linanigonga kisogo kila shimo.

Mbele kidogo watu walikuwa wamesimama barabarani kimya. Tembo. Watano walikuwa shambani kwa mtu, mchana kweupe, wanang'oa mtama kana kwamba wamelima wao, na mmoja alikuwa amesimama karibu kabisa na barabara anatikisa masikio. Chacha akazima pikipiki.

"Fundi," akaninong'oneza, "akija huku, kimbia na gitaa kurudi tulikotoka. Usigeuke."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki na pikipiki. Atashughulika na mimi. Gitaa lifike tu."

Hakuwa anatafuta sifa. Alikuwa anapanga kazi. Tukangoja karibu saa nzima mpaka wenye shamba wakawafukuza kwa makopo na kelele. Chacha akanishika mkono, akaniinua nikapanda tena. Nilikuwa namwogopa yule tembo, lakini niwaambie kweli, hofu kubwa ilikuwa ni huyu kijana aliyenishika mkono. Nilijiambia: mdanganye baba mkwe, kijana apate mke wake, mtoto ampate baba, na wewe urudi kwako. Ubaya uko wapi? Nikajisikia nafuu kidogo.

Uwanjani kwa Mzee Nyamhanga

Wazee walikuwa saba, kwenye viti vya plastiki karibu na zizi. Mzee Nyamhanga alikuwa katikati, kofia ya manyoya, fimbo. Nikawaamkia wote shikamoo mmoja mmoja. Kule jikoni mlangoni nikamwona msichana amempakata mtoto, anamtazama Chacha, na Chacha anaangalia viatu vyake. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Gitaa likawekwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Nilidhani wataniuliza maswali ya gitaa. Wapi! Walilikagua kama ng'ombe. Mmoja akaligonga mgongoni, akasikiliza. Mwingine akalizunguka, akainama kuangalia chini.

"Ana umri gani huyu?"

"Zaidi ya miaka hamsini, mzee."

"Amepita kwa watu wangapi?"

"Mmoja tu, ninavyojua."

"Amewahi kuugua?"

Nikababaika. "Kuugua... alipata tatizo dogo la shingo, akatibiwa."

"Nani alimtibu?"

"Mimi."

Wakaguna, kuguna kwa kuridhika. Mzee Nyamhanga akasogeza kiti.

"Vizuri. Sasa fundi, uelewe utaratibu wetu, wewe si mtu wa hapa. Kwenye ukoo huu, anayesimama kumsemea ng'ombe wa mahari ndiye anayemjibia. Ukisema ni mzima, tukimpokea, kesho akionekana ana ugonjwa uliofichwa, hatumfuati Chacha. Tunakufuata wewe. Ukiwa umekufa, tunafuata watoto wako. Umesikia?"

Nilikuwa nimekuja kama fundi, mtu wa kutoa maoni, kula nyama na kuondoka. Hakuna aliyeniambia kwamba mimi ni mdhamini! Nikamwangalia Chacha. Naye akashangaa kwamba nashangaa. Kwao hilo ni jambo la kila siku, angenieleza la nini? Alidhani nimekubali kuja kwa sababu nampenda marehemu baba yake kiasi hicho.

"Fungua shingo," akasema Mzee Nyamhanga. "Mpwa wangu anasema ukweli wa gitaa uko humo."

Bisibisi ikateleza mara mbili. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Shingo ikatoka. Na pale ndani ya kitundu, mahali ilipokalia, kikaonekana kipande cha boksi la majani ya chai nilichokunja mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, maana shingo ile ya bandia ilikuwa nyembamba, inacheza.

"Hicho nini?"

Ningeweza kusema kimetoka kiwandani. Wangeniamini, wote saba. Robi alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto. Chacha alikuwa anatabasamu, anangoja.

Msinisifu kwa nilichofanya. Niliwaza watoto wangu wawili wakifungua mlango kule Mwanza na kukuta wazee saba wenye fimbo. Ni woga ulionisemesha, si uadilifu.

"Ni boksi la chai," nikasema. "Nililiweka mimi. Wazee wangu, mwili huu ni wa Kijapani, wa kweli, naujibia mimi na wanangu. Shingo si yake. Niliiharibu ya kwake kwa moto, nikaweka nyingine, nikamdanganya Mzee Marwa. Chacha hajui. Mama yake hajui. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisema."

Sikumwangalia Chacha, sikuweza. Nilikuwa nahesabu hatua kutoka pale hadi barabarani, na kwa magoti yangu haya zilikuwa nyingi mno.

Wazee wakajitenga kando ya zizi. Walizungumza Kikurya kwa muda mrefu, mmoja akipaza sauti, mwingine akicheka. Nilibaki nimekaa na shingo ya gitaa mapajani. Waliporudi, Mzee Nyamhanga hakuonekana na hasira. Alionekana mtu anayefunga biashara.

"Mwili tunaupokea, ng'ombe wanne. Wawili waliopungua hakuwapunguza Chacha, umewapunguza wewe. Utawalipa wewe. Robi aende na mumewe leo, kwa sababu deni sasa lina mtu mwingine."

Ndiyo hivyo, marafiki. Mimi Mjita wa Mwanza, nisiye na hata mbuzi, nadaiwa ng'ombe wawili wa mahari ya mke wa mtu. Robi akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Mimi nikalia mbele za watu, na sina aibu kusema.

Kurudi

Robi na mtoto walibaki kufunga mizigo, wangefuata na shangazi yake. Chacha akasema atanipeleka kwenye basi. Hakusema neno lingine. Nilipanda nyuma yake kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kuondoka.

Wakati wa kuja alikuwa ananionyesha kila kilima na jina lake. Sasa nilikuwa nauona mgongo wake tu, suti yake mpya, na nikawa nawaza atanifanyia nini na wapi. Tulipofika daraja la Mto Mara akapunguza mwendo, akasimama katikati kabisa. Akazima.

"Shuka, fundi."

Nikashuka. Hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yanapita chini kwa kelele, na nilianza kusali kimoyomoyo, Baba Yetu, nikarukia katikati kwa kuchanganyikiwa. Chacha akaegemea chuma cha daraja, anaangalia maji.

"Baba alipolirudisha lile gitaa kutoka kwako," akasema, "alipiga wiki mbili. Kila siku anasimama katikati ya wimbo. Anasema vidole haviendi pale vinapokwenda. Nyimbo zake mwenyewe, fundi. Akasema mikono yake imekufa, ni uzee. Akaliweka kwenye sanduku. Kanisani walimwomba, akakataa. Miaka tisa hakuligusa tena mpaka tunamzika."

Nikashika chuma cha daraja kando yake.

"Kila asubuhi mama alimchemshia maji ya chumvi. Anakaa pale nje, anavikanda vidole kimoja kimoja. Miaka tisa. Na vidole vyake vilikuwa vizima."

Hakupaza sauti. Alijifuta uso kwa mkono wa suti, akawasha pikipiki, akanisubiri.

"Panda, mzee wangu," akasema. "Basi litakuacha."